Barua za babu zilikaa miaka 40, jumbe zako zitakaa mingapi?

Hebu fikiria kidogo. Leo simu yako ikinyakuliwa pale stejini Syokimau, utalilia nini kwanza? Laini utapewa nyingine siku hiyo hiyo. Pesa zako za M-Pesa utazikuta palepale. Lakini yale mliyoandikiana na mamako, na rafiki yako wa dhati, na yule uliyempenda mkiwa kidato cha nne, hayo hayarudi.

Mimi yalinipata Desemba iliyopita. Nilikuwa nimekaa dirishani ndani ya matatu, Mombasa Road imejaa magari kama kawaida, mkono ukaingia, simu ikaenda. Sikuwa nimehifadhi chochote mahali pengine. Miaka mitano ya kuandikiana na watu wangu ilipotea kabla sijamaliza kupiga kelele.

Siku nne baadaye nikaenda ushago, Mwala, kwa ajili ya Krismasi. Nikamsimulia susu wangu, yaani nyanya, masaibu yangu. Hakunionea huruma sana. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na mkebe wa biskuti ulioshika kutu kwenye kifuniko. "Hizi hakuna aliyeninyang'anya," akaniambia.

Ndani mlikuwa na barua 31 kutoka kwa babu, za kuanzia mwaka 1974 hadi 1983. Babu alikuwa kibarua wa reli Voi, kazi yake ikiwa kukarabati njia ya treni. Nilizaliwa akiwa amekwisha fariki. Nyingi ya barua hizo ziliandikwa kwenye karatasi zilizochanwa kwenye daftari la shule, Kiswahili na Kikamba vikiwa vimechanganywa, na zote zinaanza vilevile: pokea salamu nyingi, mimi huku ni mzima, sijui nyinyi huko. Zilitumwa kupitia sanduku la posta la shule ya msingi. Mwalimu humpa mwanafunzi, mwanafunzi huifikisha nyumbani imekunjamana mfukoni.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike makala haya. Kwetu, hadithi ya babu ilikuwa moja tu: mji ulimmeza. Tuliambiwa alikula mshahara wake huko Voi, akamwachia susu watoto saba wa kusomesha kwa kulimia watu mashamba. Baba yangu alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1978, akapita, akakosa karo ya kuingia kidato cha kwanza. Hajawahi kusahau. Kila sikukuu, watu wakishashiba, hadithi hiyo lazima irudi.

Kwenye barua ya Februari 1979, babu anauliza kama zile shilingi 250 alizompa mtu wa ukoo awaletee zimefika, kwa maana ni za shule ya kijana. Machi anauliza tena. Mei anauliza kwa nini hakuna anayemjibu.

Nilimsomea susu kwa sauti. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Susu hajui kusoma, na miaka hiyo yote barua alisomewa na mtu mmoja, ndiye yule yule aliyepewa pesa azilete. "Hiyo sehemu sikusomewa," akasema, halafu akanyamaza kwa muda mrefu.

Baba ana miaka zaidi ya 60 sasa. Aliisoma barua hiyo akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia bila neno. Jioni aliniomba nikifika mjini nimtolee nakala.

Lakini ngoja. Je, hiyo ni thibitisho kwamba babu hakuwa na makosa? Hapana. Hatuna upande wa pili. Majibu ya susu, yale aliyoandikiwa na watu, hayakutunzwa na mtu. Pengine babu alisema ametuma na hakutuma. Tulicho nacho ni sauti yake mwenyewe, kwa mwandiko wake, na tarehe juu. Hilo tu limetosha kufanya familia nzima ianze kuuliza upya jambo ililodhani inalijua.

Na ukitazama vizuri, hivyo ndivyo historia ya nchi hii pia inavyosomwa. Huhitaji hata kwenda mbali. Simama hapa Syokimau uangalie pande tatu.

Upande wa reli

Kituo cha treni cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki. Mei 31, 2017, treni ya SGR ikaanza safari zake, na kituo chake cha Nairobi kiko papa hapa. Jina la mtaa, kama ulivyosikia tangu utotoni, ni la Syokimau, mtabiri wa kike wa Wakamba. Husimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka baharini, na watu wa rangi nyingine wakibeba moto mifukoni. Nyoka akawa reli, moto ukawa viberiti.

Hebu niulize: Syokimau alizaliwa mwaka gani? Watoto wake waliitwa nani? Alipoyasema hayo watu walimcheka au walimwogopa? Ukiwauliza wazee watano, utapata majibu matano. Tunapanda treni kwenye kituo chenye jina lake, tunalipa kodi ya nyumba kwenye mtaa wenye jina lake, na hatuna hata sentensi moja iliyotoka kwake moja kwa moja. Simulizi za mdomo ni hazina, usinielewe vibaya. Ndizo zilizomfikisha kwetu. Lakini kila aliyepokea alipunguza kidogo na kuongeza kidogo.

Upande wa pili, waliojenga ile reli waliandika. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Katikati, mwaka 1898, simba wawili waliwasumbua wafanyakazi pale Tsavo. Tunajua kisa hicho kwa sababu mhandisi John Henry Patterson, aliyewaua simba hao, alitoa kitabu mwaka 1907. Humo alihesabu Wahindi 28 walioliwa. Na Waafrika? Alisema waliliwa pia wengi, ila idadi yao haikuwekwa kwenye rekodi yoyote rasmi. Miaka mingi baadaye akaja na hesabu nyingine: watu 135. Mwaka 2009 watafiti waliopima nywele na mifupa ya simba hao, ambao wamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Field kule Chicago, walikadiria watu kama 35.

Umeona hapo? Kitabu cha mtu mmoja kimebeba kisa kizima kwa zaidi ya karne, na hesabu yake imeyumba. Halafu wapo wale ambao hakuna aliyewaandika. Huenda mmoja wao alikuwa babu ya babu yako. Simba alimla, na kalamu ikamruka.

Anayeandika anaweza kudanganya

Wakamba hawakuwa peke yao katika kutabiri nyoka. Wanandi nao husimulia kwamba Orkoiyot wao Kimnyole alitabiri reli. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, ndiye aliyewaongoza Wanandi kuipinga kwa miaka mingi, hadi Oktoba 1905 alipouawa katika mkutano uliopaswa kuwa wa amani. Aliyemuua ni afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen.

Meinertzhagen alikuwa mtu wa kuandika shajara kila siku, na shajara zake za Kenya zilichapishwa mwaka 1957. Humo anajieleza kama mtu aliyetegewa mtego na kujiokoa. Wanandi wanasema Koitalel aliuawa kwa hila. Jeshi lenyewe lilimchunguza zaidi ya mara moja, likamsafisha, lakini akaondolewa Kenya mwaka 1906. Baada ya kufa kwake, watafiti waligundua kwamba aliiba na kudanganya kuhusu ndege waliokaushwa aliokusanya kwa ajili ya makumbusho, na kwamba baadhi ya mambo aliyodai kuwa aliyatenda hayakutokea.

Kwa hivyo ukisoma barua au shajara ya mtu, jiulize maswali ya kawaida tu. Aliandika siku hiyo hiyo au miaka kadhaa baadaye? Alimwandikia nani? Alitaka aonekane vipi? Ni nani mwingine alikuwepo ambaye hakuandika? Ndiyo maana nami siwezi kuapa juu ya shilingi 250 za babu. Ila tofauti moja naiona: babu alikuwa akimwandikia mkewe kuhusu karo, hakujua kwamba mjukuu ataisoma. Mara nyingi barua isiyojua kuwa itasomwa na dunia ndiyo yenye ukweli mwingi.

Upande wa uwanja wa ndege

Sasa geuka uangalie zinakotua ndege. Wakazi wa Syokimau huzisikia usiku na mchana. Uwanja wa JKIA ulifunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, na waliochimba na kubeba mawe wengi walikuwa wafungwa na watu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau. Pale Embakasi palikuwa na kambi, na watu waliumizwa humo.

Kwa miaka mingi walipolalamika hawakuaminiwa. Serikali ya Uingereza ilikuwa na jibu lake, wazee walikuwa na makovu yao, basi. Kisha wazee kadhaa, baadhi yao kutoka huku kwetu Ukambani, wakaishtaki Uingereza jijini London. Mwaka 2011, kesi hiyo ikiendelea, ikafichuka kwamba Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya nyaraka za makoloni yake mahali panapoitwa Hanslope Park. Miongoni mwa zilizotolewa kuna barua ya mwaka 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa Kenya wakati huo, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring. Anaeleza jinsi waliozuiliwa wangeweza kupigwa bila wapigaji kuingia matatani, na anatahadharisha kwamba mambo hayo yafanywe kimyakimya.

Juni 6, 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, na waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, akasema bungeni kwamba serikali inajutia yaliyotendeka. Makovu ya wazee yalikuwepo siku zote. Kilichobadilika ni kwamba karatasi za mkosaji mwenyewe ziliungana na maneno yao.

Upande wa Athi River

Upande wa tatu ni Athi River, dakika chache ukishuka na Mombasa Road. Leo tunaijua kwa viwanda vya saruji na vumbi. Miaka ya 1950 nako kulikuwa na kambi ya kuzuilia watu. Mmoja wa waliopitia humo ni Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu aliyekamatwa Oktoba 1952 na kuzungushwa kambi baada ya kambi. Huko kote aliandika shajara kwa siri. Mwaka 1983 ikatoka kama kitabu kwa Kikuyu, na mwaka 1984 kikashinda tuzo ya Noma, mojawapo ya tuzo kubwa za vitabu barani Afrika enzi hizo.

J.M. Kariuki naye, kabla ya kuwa mbunge unayemsikia kwenye historia, alikuwa kijana aliyezuiliwa. Aliandika barua za kulalamikia hali ya kambini, zikatoroshwa hadi kwa wakubwa. Alipigwa kwa sababu hiyo, akaendelea kuandika. Kitabu chake kuhusu miaka hiyo kilitoka mwaka 1963.

Mtu anapigwa kwa sababu ya karatasi moja na bado anatafuta nyingine. Wewe una bando, una simu, na hakuna askari aliyesimama mlangoni kwako.

Tuliachia wapi?

Usidhani kuandikiana ni mambo tuliyoletewa na wazungu. Maandishi ya zamani zaidi ya Kiswahili yanayojulikana kuwa bado yapo ni barua. Ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikatumwa kwa Wareno waliokuwa Msumbiji na washirika wao. Leo zimo katika hifadhi ya nyaraka kule Goa, India.

Barua hazikufa siku moja. Kufikia mwaka 2000 simu za mkononi zikaanza kusambaa, na ujumbe ukawa unafika kabla hujafunga mdomo. Mwaka 2007 M-Pesa ikaja, na sababu nyingine kubwa ya kuandika nyumbani, yaani kusema "nimewatumia kitu kidogo", ikaondoka. Na kusema kweli, afadhali. Kama babu angekuwa na M-Pesa, zile 250 zingefika kwa susu mwenyewe na baba yangu angevaa sare ya sekondari. Siji hapa kukudanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri.

Na si kwamba hatuandiki. Kizazi chetu kinaandika kuliko vyote vilivyopita. Kutoka kuamka hadi kulala tunaandika. Shida ni kwamba hatutunzi. Tunaweka jumbe zijifute baada ya saa 24. Simu ikijaa tunafuta. Tukikosana na mtu tunafuta. Simu ikiibwa, imekwisha.

Fikiria Aprili 2020. Shule zimefungwa, kafyu imeanza, hakuna kutoka wala kuingia Nairobi. Ulimwandikia nini rafiki yako usiku ule? Fikiria Juni 25, 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na wengine kuingia Bungeni. Ulimwambia nini mamako alipokuuliza uko wapi? Naye alikujibu nini? Hiyo ndiyo historia. Mwaka 2074 mtu atataka kujua siku hiyo ilikuwaje. Faili za serikali zitakuwepo. Ripoti za polisi zitakuwepo. Je, zako zitakuwepo? Zisipokuwepo, utahesabiwa kama wale Waafrika wa Tsavo: walikuwepo wengi, hakuna aliyewaandika.

Mtunzaji naye ni shujaa

Bila shaka shuleni ulisoma au kusikia *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia taasisi yake ya Kiswahili, kilitoa kitabu cha barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958. Zinatuonyesha mtu aliye nyuma ya mashairi: karani wa serikali, kaka, mtu mwenye familia. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Barua hizo zipo kwa sababu ndugu yake hakuzitupa. Jiulize Yusuf Ulenge alihama nyumba mara ngapi, alifagia chumba mara ngapi, na kila mara akaamua kwamba hizi zibaki.

Susu wangu naye ni hivyo. Hawezi kusoma herufi hata moja kati ya zilizo kwenye ule mkebe, na amezilinda dhidi ya mchwa, mvua na wajukuu kwa zaidi ya miaka 40. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Ni mkono wake."

Basi ufanye nini?

Si lazima uanze kununua stempu, ingawa ukinunua hutajuta. Anza na haya.

Moja, uliza nyumbani. Kabla ya sikukuu ijayo kuisha, muulize susu, babu, au shangazi mkubwa kama ana barua, kadi, daftari la madeni, hata picha iliyoandikwa nyuma. Usizichukue kwa nguvu. Zisome pamoja naye na uandike anachokwambia, kwa sababu karatasi bila mwenyewe husema nusu tu. Kisha zipige picha, na zenyewe zirudi mkebeni.

Mbili, hifadhi chako. Chagua jumbe chache kati yako na watu unaowapenda, zichapishe kwenye karatasi pale saiba, uandike tarehe kamili na jina kamili. "Beib" na "Msee wa Katani" havitamsaidia mjukuu wako.

Tatu, kuwa mwangalifu na siri za watu. Barua ina wenyewe wawili. Jina la yule mtu wa ukoo aliyebeba pesa za babu sijalitaja hapa na sitalitaja. Naye angekuwa hai angekuwa na yake ya kusema.

Nne, siku moja ukiwa jijini, ingia katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue. Wengi tunaliona kama mahali pa kukutania tu. Ndani kuna karatasi za nchi hii, na chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya vitu ambavyo wengine waliviona takataka.

Tano, andika barua moja. Moja tu. Ile barua ya kirafiki uliyofundishwa kwenye insha, anwani juu upande wa kulia, tarehe, salamu, haikuwa ya kupata alama tu.

Mimi nimeandika yangu. Nilimwandikia baba. Nyumba yake na yangu hazipishani mbali, na kila Jumapili tunaonana, lakini kuna maneno kuhusu mwaka 1979 ambayo tukiwa mezani hayatoki. Nilitumia kurasa mbili. Niliiweka kwenye bahasha pamoja na nakala aliyoniomba, nikampa mkononi.

Hajanijibu bado. Lakini mama ameniambia aliulizia kalamu.